Visiwa vya Mkono wa Kushoto

Nyanjige akazima taa, akaniomba nisiogope.
Nikacheka. Binti, mimi ni wa Mwaloni,
miaka kumi na tisa napokea dagaa kabla ya adhana;
giza ndilo lililonilisha.
Ziwani tunawasha taa, ndipo riziki inapanda juu.

Naye akawasha yake, ya zambarau,
na mkono wangu, lo,
ukang'aa kama tumbo la furu aliyegeuzwa.
Kumbe doa nililolijua lilikuwa ukingo tu.
Mbalanga ilikwisha kupita kiwiko,
kimya, chini ya weusi nilioutegemea.

Sikusema kitu.
Nilikumbuka wateja: "Mama, nipimie kwa ule mwingine,"
nami nikihamisha kopo la sado
kutoka kushoto kwenda kulia
kama mtu aliyefumaniwa na cha wizi.
Nilimkumbuka shangazi na kamongo wake,
mwiko wa ukoo, eti nilionja nikiwa mjamzito.
Nimeapa mpaka ulimi ukaota sugu.

"Sasa tusogee karibu," akasema.
Kamera yake haizidi kizibo cha chupa.
Haikati, haichomi, haiombi damu;
inaegemea ngozi tu
kama sikio la jirani ukutani.

Kwenye kioo likatandazika ziwa jeupe,
jeupe hadi pembeni,
na vinyweleo vimesimama kama matete.
Kisha kidole cha Nyanjige: hapa.
Na hapa.
Kwenye shina la kinyweleo, nukta,
kahawia, ndogo kuliko mbegu ya mchicha.

"Rangi inarudi. Inapitia mlango wa nywele."

Ziko ngapi?

Akahesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia.
Kumi na moja.
"Nyingine huenda zikazama, mama, sikufichi.
Dawa usiache. Miezi mitatu, tupige tena palepale."

Nikaomba ile picha.
Akaichapa kwenye karatasi ya kawaida,
mashine yenyewe wino unasuasua,
nikaikunja ndani ya khanga, karibu na hela za ushuru.

Kirumba jua limeshika, dagaa wanakauka vichanjani.
Mbuke akaigeuza karatasi, akaigeuza tena:
"Hii ni Ukara, au ni Kome?
Mbona hawakuandika majina?"

Bado, nikamwambia.
Lete sado. Huku.
Mkono huu.