Miguu ya Nyuma ya Simba

Toen kachora watu.
Bairyu kachora taa, mapaa na mvua ya mbali,
maana Toen haiwezi mvua
na Bairyu nyuso zamshinda.
Wametia sahihi kwenye pembe mbili za karatasi,
mbalimbali, kama mawifi walionuniana.

Chapa nimepiga mimi, Gensuke.
Usihangaike kulitafuta jina.

Mchoro ulipofika kwa Matashichi
aliubandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri,
akaupaka mafuta mgongoni hadi wino ukajitokeza,
kisha kisu. Mchoro wa kwanza hufa hivyo,
bila matanga.
Siku tatu alichonga nywele za paji la binti mmoja,
yule aliyevaa kiume, upanga wa karatasi kiunoni,
unywele kwa unywele,
na jicho lake la kushoto tayari lina ukungu.

Ikaja zamu yangu.
Gundi ya mchele, nili, wekundu wa maua.
Mbao tisa, karatasi ile ile mara tisa,
yenye unyevu kama shingo ya mtoto aliyelala.
Ikiteleza unene wa ukucha
midomo ya binti itahamia shavuni.
Nasugua kwa ganda la mwanzi. Bega lanilaani.

Katikati ya picha simba anacheza:
kichwa cha mbao, meno ya dhahabu,
shuka la kijani, na chini ya shuka miguu minne.
Ya mbele ni ya Rokuzo. Edo nzima yamjua;
sikukuu ikifika wanamwita kwa jina,
wanamrushia sarafu zilizoviringwa karatasini.
Na ya nyuma?
Nilimuuliza Toen.
"Hiyo? Miguu tu."

Mcheza kwao hutunzwa.
Na anayecheza gizani, mgongo umepinda,
akinusa jasho la mwenziwe,
akiisikiliza ngoma kwa magoti?

Usiku huo, kabla ya nakala ya kwanza kutoka,
nililowesha kitambaa, nikafuta rangi kidogo
kwenye kisigino cha nyuma,
wekundu ukafifia polepole hadi weupe,
mguu ukainuka. Ukatimua vumbi.

Asubuhi Toen aliona. Akakohoa, akanyamaza.
Bairyu akaiinua karatasi kwenye mwanga, akatabasamu:
"Tazameni vumbi langu lilivyotoka."

Nikainamisha kichwa.
Nikachukua karatasi nyingine.