Kirungu cha Shaba

Usiuvute huo mlango, fungua kamba kwanza.
Kirungu chake kiko kazini.

Hapa ni Oruro, mita elfu tatu na mia saba na kitu,
ambako maji huchemka kabla kiazi hakijakubali kuiva
na kiberiti hufikiri mara mbili.
Nayeyusha pistoni za malori yaliyokufa,
namimina kapi, vifuniko, miguu ya majiko.
Makaa ni ghali. Gesi ni foleni.
Lakini mtaa mzima hukaanga kuku,
na kila Jumatatu Bi Eduviges huniletea madumu matatu
ya mafuta meusi yanayonuka kitunguu saumu:
"Chukua, Primitiva, kabla mbwa hawajayazoea."

Kichomeo cha kwanza kilikuwa pampu, bomba,
na tundu jembamba la kupitishia mafuta.
Yakasukumwa, yakafika mlangoni, yakagoma.
Chembe ya ngozi ya kuku, moja tu,
ikafunga kiwanda.
Cha pili: matone juu ya sahani ya chuma iliyoiva moto.
Haba na haba, nikasema,
na haba na haba ikajaza karakana masizi
hata mpwa wangu Wilfor akapiga chafya nyeusi.
Wahenga walinena, pafukapo moshi pana moto.
Huku juu, pafukapo moshi
moto una njaa.

Baba alichimba bati miaka thelathini.
Mwisho wake alikaa ukingoni mwa kitanda,
mkono mmoja kwenye kirungu cha mlango
kana kwamba anatoka sasa hivi,
akivuta pumzi kama avutaye kamba ya kisima
na ndoo haifiki.
"Hewa ipo," alisema. "Haitaki kuingia tu."

Usiku mmoja wa Julai, maji yameganda ndooni,
nilikuwa nanywa chai ya koka, napiga mluzi ovyo
na midomo bado imelowa.
Kioo cha taa kikaingia nukta, nukta,
kisha ukungu.
Nikanyamaza.
Nikalowesha mdomo, nikapiga tena.
Mdomo hausukumi chai.
Chai imelala tu, utando mwembamba,
na pumzi ndiyo ipitayo kwenye uwazi
ikiuchana vipande visivyohesabika.

Nikageuka kuutazama mlango.

Shaba, duara, tupu ndani,
upande mmoja umelika kwa kiganja.
Keekee nne nyembamba zilivunjika; ya tano ikapenya.
Sasa mafuta humwagika juu yake, yakiteleza kama ngozi ya pili,
na ndani mna hewa ya kompresa ya friji iliyotupwa.
Kilichochanwa huwaka. Kilichobaki
hushuka koponi, hupandishwa tena.
Mafuta hayapiti tunduni, siri yote ni hiyo.
Chembe za kuku zapita pembeni na safari zao.

Bado kulikuwa na baridi: mafuta mazito kama uji uliolala.
Nikayazungusha kwa bomba la shaba kwenye dohani,
yakafika yamelainika.
Bado mwali ulikuwa wa njano, mvivu, unaramba paa.
Michoro yote niliyoiona ina feni moja,
michoro ya watu wa bondeni
ambao hawajawahi kuhesabu pumzi.
Nikafunga ya pili.

Ukanguruma.
Shina la buluu, ncha ya chungwa, na juu ya dohani
hakuna kitu, mbingu tu na nyota zake.
Dakika ishirini na tatu, alumini ikawa kioo.
Wilfor alitaka kushangilia; nikamwambia, ngoja, sikiliza.
Kirungu kilikuwa kinapumua
bila kukatika.

Jana Bi Eduviges kaja kuona.
Anataka kama hicho, kikaange kuku kwa mafuta ya kuku.
Nikamwambia bei ni ndogo, ila lete kirungu,
cha zamani, chenye tumbo tupu.
Akaanza kuhesabu milango ya nyumba yake kwa vidole.
Kwenye wa tatu akasita.