Gogo la Mkunazi, Rustaq

Mwaka ule nilikuwa na kijiko kipya, cha manjano,
na karatasi ya baladia yenye mhuri:
ondoa kila gogo, kila tita la makuti, kila mzizi,
kuanzia darajani hadi shamba la Humeid bin Thani.
Nikaondoa. Kisha tukamwaga zege, tukainyoosha wadi
kama anavyonyooshwa mtoto mtukutu.
Mafuriko ya mwaka uliofuata yalipita mbio, bila salamu,
na mkubwa wangu akanipa mkono.

Samaki hawakuandika barua.
Wale wadogo, wa urefu wa kidole, wasio na bei sokoni,
waliokuwa wakitudonoa nyayo
tukivuka na kandambili mkononi.
Siku moja nilitia miguu, nikangoja.
Maji ya moto tu.

Leo Ithraa, mhandisi, rika la binti yangu wa mwisho,
ameichora upya wadi ile ile kwa kalamu ya buluu.
Tumebomoa mita kumi na mbili za zege langu.
"Hapa, ami Suleyum. Lilaze mshazari,
mizizi ikabili maji yanakotoka."
Nikamwambia: miaka ishirini nyuma
nililipwa kuyatoa haya.
Akacheka. "Na leo unalipwa kuyarudisha. Riziki."

Gogo lenyewe naliju­a.
Mkunazi wa nyuma ya msikiti, ulioangushwa na mvua ya Machi.
Majani yake tuliyachuma alfajiri
siku ya kumwosha mama.
Bi Zawena aliyaponda kwenye beseni mpaka povu,
akatwambia kwa Kiswahili chake cha Wete:
"Taratibu. Anasikia."

Nikalishusha kwa mnyororo, taratibu.
Rafiqul akalifunga na majabali mawili lisisafiri.
Maji yakaja yakikimbia, kama nilivyoyafundisha,
yakagonga mizizi,
yakasita,
yakageuka kutazama yalikotoka,
yakaanza kuchimba kivuli.

Mita kumi na mbili za kupinda
ndani ya kilomita tatu za rula. Ndiyo hayo.
Juu na chini zege bado linang'aa,
na baladia haijasema kama kuna gogo la pili.

Kila Ijumaa baada ya alasiri navua viatu.
Ijumaa ya tisa kitu kilinigusa kisigino,
jani pengine.
Sikuvuta mguu.