Ya Chuma na Ya Plastiki

Verlan ameziweka juu ya kitambaa cha kijani,
matumbo matupu, magazini pembeni.
"Usiharakishe, mama," asema,
kisha aenda zake kufagia maganda ya risasi.

Ya chuma ina kilo moja na robo ikishiba.
Nyundo yake iko nje, mgongoni, haijifichi;
mbao za mshikio zimeng'aa kwa jasho la waliokodi kabla yangu.
Ya plastiki ni nyeusi ti, haina nyundo ya kuonesha,
haina hata kovu,
na bei yake, nisiseme uongo,
imepungua dola mia tatu na arobaini:
zamu mbili za usiku na nusu kiwandani,
nikipanga vikombe vya mtindi
hadi vidole vinuke maziwa.

Senada ndiye aliyenileta hapa mara ya kwanza,
Alhamisi moja ya Machi, Twin Falls ikiwa na upepo,
theluji imebaki vibanzi tu kando ya barabara.
Tunasimama mashine moja, yeye na mimi.
Alitoka Bosnia akiwa na miaka tisa.
Hatukuulizana mengi.
Kwetu sote wawili bunduki ilikuwa na upande mmoja tu:
ule unaokutazama.
"Ndiyo maana," alisema,
akanivisha viziba-masikio.

Leo nakodi zote mbili, nusu saa, dola kumi na nane.
Wahenga wanasema njia mbili zilimshinda fisi.
Sawa. Fisi hakupewa nafasi ya kukodi kwanza.

Nyepesi ikatangulia.
Kifyatulio chake chavutika kama zipu iliyoingia mchanga,
kinakwama, kinakwama,
halafu teke limefika kiwikoni, mdomo umeruka juu,
na mimi na kile kitone cheupe
tunaanza kutafutana upya.
Risasi kumi. Tisa zimejikunyata pamoja
kama kuku walionyeshewa.
Moja imekwenda kwao.

Nzito sasa.
Risasi ya kwanza yataka subira, kidole kinasafiri;
ya pili ni pumzi tu.
Teke lake ni la ng'ombe mzee:
lasukuma, haliumizi.
Lakini kufika ya saba mkono unatetemeka,
na karatasi inaporudi kwenye waya wake
mashimo yametapakaa kushoto, chini,
moja karibu na nambari ya karatasi yenyewe.

Senada azishika karatasi mbili, moja kila mkono,
kama anayeuza vitenge.
"Karatasi hazidanganyi," asema.

Hazidanganyi, kweli.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Uvira.
Mkasi wake wa chuma nilikatazwa kuugusa
mpaka nilipofika darasa la sita.
Siku moja mteja akamletea mwingine kama zawadi,
mwepesi, mshikio wa plastiki ya rangi ya chungwa.
Akakata nao suruali moja, ikatoka nzuri tu,
akaufuta, akaurudisha kwenye karatasi yake.
Jioni, nikiokota vipande sakafuni, nikamuuliza kulikoni.
"Huu unanitii haraka mno," akasema.

Sijui kwa nini nakumbuka hilo hapa,
pua imejaa baruti,
na kijana wa njia ya tatu akishangilia shimo lake la katikati.

Naiinua tena ya chuma, tupu, mdomo chini.
Kabla ya kunikubalia inaniuliza mara mbili.
Mume wangu atasema nimelipia uzito.
Ni kweli, nimelipia uzito.

Verlan anatoa fomu. Inauliza nilizaliwa wapi.
Naandika UVIRA kwa herufi kubwa,
anaisoma kwa midomo, polepole, haulizi.
Natanguliza dola arobaini.
Senada anatikisa kichwa, anacheka, anatafuta ufunguo wa gari.

Alhamisi ijayo nitakosa tena,
kushoto, chini,
na saa nne usiku nitakuwa kiwandani,
mkono wa kulia ukiuma
kila kikombe.