Nyuzi Sita

Usinipe kiti, Ksawery. Miaka thelathini na moja
nilisimama mbele ya mtambo wa kufumia,
magoti yameshazoea.
Niteremshie lile gita la kona, la rangi ya bizari,
lenye kovu kifuani.

Nina zloti mia tisa.
Zimo ndani ya soksi, soksi imo ndani ya mkoba,
na mkoba nimeubana kwapani tangu kituo cha tramu,
maana Łódź ni mji wangu
lakini si wote waliomo ni ndugu zangu.
Kwa hizo nataka gita, na amplifaya,
na waya wa kuviunganisha.
Usicheke. Rahisi huvunja upishi, najua,
ila mimi si mpishi wa harusi.
Napikia sufuria moja.

Kwanza ulinionyesha lile jekundu.
Ukalisifu. Ukalipangusa, ukalisifu tena.
Chema chajiuza, kijana;
hilo unalitembeza mno.
Nililiinua, nikafumba jicho moja,
nikaifuata shingo yake toka kichwani hadi tumboni
kama tulivyokagua mtande kabla ya zamu:
imepinda. Uzi wa tatu unagusa chuma,
unakoroma kama marehemu Zdzisław wangu,
na yeye nilimvumilia kwa sababu ya kiapo.

Hili la bizari shingo yake imenyooka.
Kidole kikipita ukingoni hakikwaruziki.
Vigingi vinakaza, vinashika; kimoja tu kinalegea kidogo,
nami pia nina jino la namna hiyo.
Sumaku zimeingia kutu ya jasho la mtu.
La nani? Hujui. Vizuri.
Aliyelitoa jasho hilo alipiga,
hakulitundika ukutani limpambie sebule.
Umesema mia tano na sitini. Na kovu je?
Mia tano na ishirini. Haya.

Sasa amplifaya.
Hapo ndipo ninapokwama,
masikio yangu niliyaacha kiwandani.
Mitambo mia mbili, ukumbi mmoja:
tulisemezana kwa midomo, bila sauti,
na hadi leo midomo naisoma.
Ulipomnong'oneza mwenzako,
«Huyu bibi atanunua kweli?»
niliona.

Basi usinihesabie wati. Washa, niweke kiganja.
Hiki cheusi kidogo, wasema, sauti yake safi.
Safi kama maji ya chupa: kiganja hakikuonja kitu.
Hiki cha pili kina vitufe kumi na viwili,
eti kimoja kanisa, kimoja pango, kimoja kisima.
Kushika nyuzi mbili kwa pamoja bado sijajua,
nikaingie pangoni kutafuta nini?
Na kile kule chini, kilichofunikwa gazeti?

«Hicho kibovu, mama. Kinavuma. Hata usipopiga, kinavuma.»

Washa.

Usizime. Acha.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi,
umeme umefika, mkono wa kwanza haujavuta:
mvumo huu huu, kwenye nyayo, kwenye fizi.
Siku hizi kiwanda ni maduka,
pale uliposimama mtambo wangu wanauza aiskrimu ya pistachio.
Nilidhani walipong'oa vyuma waliung'oa na huu.

Nauzuia uso. Nasema:
kweli kinavuma sana. Punguza bei.

Mia tatu. Waya arobaini na tano.
Hesabu tena, polepole, nikikuona mdomo.
Mfuko wako baki nao; nina kitambaa cha meza,
mtande wake na mshindio vimepita mikononi mwangu,
kipande cha mwisho kabla hawajafunga lango.
Nilikuja nacho makusudi.

Leo sitapiga. Orofa ya nne kuta nyembamba,
na Bogumiła wa mlango wa pili ana shinikizo la damu.
Nitawasha tu, nikae nacho miguuni.

Maelfu ya nyuzi yalipita mbele yangu kila zamu,
na hakuna hata mmoja niliomjua.
Hizi ni sita.
Zitakuwa na majina.
Ule wa juu, mnene,
nimeshauita Zdzisław.