Nukta za Saa Tisa

Saa tisa usiku Mtopanga ilijaa nukta.
Niliziona asubuhi, mkononi chai ya ofisi
isiyojua tangawizi:
mia mbili na kumi na saba,
zimegandana kwenye kona ambayo ramani yetu
haijaipa jina.

Zilikuwa simu za watu. Majina yalibaki kwenye minara,
sisi tukaletewa vivuli.
Nilichojua ni kwamba hawakusogea hadi saa kumi na moja,
wakatawanyika mmoja mmoja, polepole mno,
na usiku wa pili wakarudi.

Injinia Mwandawiro akainama begani kwangu.
"Abiria hao. Wangoja gari la alfajiri.
Tia kituo hapo: paa, benchi, taa mbili."
Na mashine, tuliyoifunza kwa miji isiyo na kiu,
ikaafiki kwa asilimia tisini na moja.
Nami ni nani nibishane na tisini na moja?

Ila penye wengi pana mengi,
na mengi hayapandi ghorofa ya tatu.

Nikaenda na Zawena, aliyesomea watu
kama sisi tulivyosomea lami.
Fomu yake ilikuwa na maswali arubaini na mawili.
Hakuifungua.
Alisimama gizani akauliza,
"Wa mwisho ni nani?"
na foleni nzima ikamfanyia nafasi.

Bomba moja. Kufuli moja.
Hewa ikikohoa ndani ya chuma kabla ya maji.
Na mitungi, Mola wangu, mitungi:
wa manjano uliofungwa kipande cha leso,
uliochomwa herufi K kwa msumari wa moto,
uliozibwa ufa kwa sabuni.
Niliihesabu nikafika mia sita na tatu.
Mtungi hauna simu.
Mtungi husimama badala ya anayenyonyesha,
badala ya aliye zamu ya usiku bandarini,
badala ya yule aliyeuza simu yake Ijumaa iliyopita
kwa sababu ya maji haya haya.
Kumbe ule mwendo wa polepole
ni lita ishirini kichwani.

Mbodze, wa kumi na nne, akanimulika tochi usoni.
"Wewe wa kaunti? Mlijuaje tuko hapa?"
Nikamweleza minara, nukta, seva.
Nakiri, nilikuwa na fahari kidogo.
"Kwa hivyo mwatuona."
Twawaona.
"Tangu lini?"
Tangu Februari.
Akahesabu kwa vidole, akamaliza mkono mmoja,
akaanza wa pili.
Hakusema kitu. Aliusukuma mtungi wake kwa mguu,
hatua moja mbele.

Asubuhi nukta zilikuwa mia mbili na kumi na tisa.
Mashine ikaandika: mahitaji ya usafiri yanapanda.
Wale wawili walioongezeka tulikuwa sisi.

Nimefuta "abiria". Kwenye kisanduku cha sababu
nimeandika "kiu", nacho kikageuka chekundu:
neno hili halimo katika orodha.
Nimeliandika tena.
Zawena ameketi kando yangu na daftari lililolowa pembeni,
anaingiza wale wasio na nukta,
mtungi kwa mtungi, leso, herufi, sabuni,
na safu mpya aliyoifungua ameipa jina
"Wa mwisho ni nani".