Nafasi ya Gololi Moja

Usiniletee nyundo, Lushinge.
Chuma kilichopindia mteremko wa Bugando
ukakinyoosha kwa moto na kwa hasira
kitakukumbuka siku umebeba.
Nimeona meno ya watu barabarani.
Mawili yalikuwa yangu.

Foku ya zamani itundike ukutani.
Tazama hapa chini ya shingo,
ufa mwembamba kama unywele:
ndio uliokuwa ukikulilia kwii, kwii
tangu Mwaloni,
nawe ukalaumu kiti.

Haya. Mpya umeipata Igoma, haina kovu,
ila shingo yake imezidi ya fremu,
kama mtu aliyeazima kanzu ya kaka yake.
Ilaze ubavuni mwa marehemu. Pima.
Pima tena, msumeno hausikii samahani.
Na kabla hujakata, ingiza nati kwanza;
utakapoitoa baadaye
itayasafisha meno njiani.

Koni ya chini naigonga kwa kipande cha bomba,
taratibu, nikiizunguka.
Inasema ko, ko, ko.
Ikisema ti, imekaa.
Nani alinifundisha? Hakuna. Sikio,
na zile siku ambazo haikusema ti
na mteja akarudi akichechemea.

Grisi usiionee choyo.
Ziwa lile halikai kwake:
linapanda na mvua, linachuruzika na magunia ya dagaa,
na kutu haibishi hodi.

Sasa gololi. Zipange kwenye bakuli lake
mpaka zikae bega kwa bega, pomoni.
Umemaliza? Toa moja.
Usinitolee macho. Toa.
Mama alitulaza tisa kwenye mkeka mmoja, Misungwi,
na alijua:
asiyeachiwa nafasi ya kugeuka
huamsha nyumba nzima.

Kaza kwa vidole. Vidole, nimesema,
spana iache ipumzike.
Kaza hadi kitetemeshi kife, basi.
Inua mbele, inamisha fremu:
gurudumu liende lenyewe kushoto, lirudi kulia,
kama kichwa cha ng'ombe anayesinzia.
Likigoma, umebana mno.
Shika breki ya mbele, sukuma na kuvuta.
Umesikia tok?
Hiyo tok ndogo ndiyo mama wa ufa.
Kaza kidogo. Tena kidogo. Hapo.

Washa yenye ulimi iingie mferejini mwake,
kisha nati ya juu. Hapo ndipo spana:
mbili, moja inashika, moja inafunga,
kama watu wawili wanaokama
mmoja akimzuia ndama.

Shina la usukani lina alama.
Usilivute kupita alama ati mgongo unauma.
Mgongo hupona.

Gurudumu lisimame katikati ya miguu miwili,
nati za ekseli huku kidogo, kule kidogo,
hakuna upande wa kupendelewa.
Vipande vya breki viguse rimu, visilambe tairi.

«Mama Nkwimba, foku tu hii?»
Foku tu.
Ndiyo yote iliyopo kati ya kifua chako na lami.

Leo usipakie. Nenda mtupu hadi kwenye mawe yaliyopandana,
funga breki, rudi, nikague nati.
Akaenda. Akarudi. Nikakaza moja, robo ya mzunguko.

Kesho yake alfajiri akateremka na magunia mawili,
amesimama kwenye pedali, shati limejaa upepo.
Nikaacha chai ipoe, nikasikiliza
kona ya kwanza, matuta,
pale penye shimo.
Tairi tu, likisema na vumbi.

Nikatia mkono mfukoni mwa aproni
nikaikuta ile moja niliyoitoa,
ina grisi bado,
inazunguka kati ya kidole na kidole,
haina pa kwenda,
haina kosa.